Namba Mia Nne Kumi na Nane

Kwanza niseme wazi kwamba kosa halikuwa langu. Nimepiga chapa katika ofisi ya mahakama miaka ishirini na miwili, nimeandika hukumu za wezi wa kuku na za wezi waliovaa tai, na sijawahi kumfunga mtu kwa jina la mwingine. Kwa hiyo siku ile mume wa dada yangu aliponitazama juu ya miwani yake na kuniuliza kwa upole, "Shemeji, una hakika hukuruka ukurasa?" hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Niliweka kikombe chini. Nikamwambia aniite mlevi, aniite mchawi akitaka, lakini mrukaji wa kurasa asiniite.

Dada alikuwa amekaa na zile karatasi za kitabu mapajani, anazitazama tu.

Ngoja nieleze, maana nikikasirika huwa naanzia katikati. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka saba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Shemeji alikuwa na chumba kimoja karibu na stendi, anapiga picha za vitambulisho, watu wanakaa kwenye kigoda mbele ya shuka jeupe na kuambiwa wasicheke. Walipooana wakaanza kutoka kila Jumamosi na kila likizo, yeye na kamera, Dada na daftari, wanazunguka mkoa mzima kurekodi watu wanavyoishi. Si watu wakubwa. "Wakubwa wana wapiga picha wao," Shemeji alikuwa akisema. Wao walimtaka fundi viatu, mama anayepima mazao kwenye mizani, mlinzi wa shule, mchimba visima, mwanamke aliyekuwa akipaka rangi mistari ya barabarani. Watu wakawazoea. Wakawaita Bwana Picha na Bi Daftari, na mpaka leo ukiuliza nyumba yao kwa majina yao halisi utazungushwa mtaa mzima.

Walikuwa na utaratibu wao, na naomba uushike vizuri. Hawakuwa wakikaa na mtu kwa pamoja. Shemeji alisema mtu akiongea uso wake unafanya kazi ya maneno, na Dada alisema mtu akipigwa picha maneno yake yanavaa nguo za sikukuu. Basi kila mmoja alikaa naye kwa wakati wake. Shemeji akirudi nyumbani alisafisha filamu katika bafu, alilokuwa ameliziba kila upenyo kwa mablanketi, sisi tukawa tunaogea uani kwa ndoo huku tukinung'unika. Alichagua picha moja tu ya kila mtu, akaitia kwenye bahasha, akaandika namba. Dada naye alimpa kila mtu ukurasa mmoja na namba. Jina halikuandikwa popote, wala kazi. Maneno ya mtu mwenyewe tu, alivyoyatamka. Namba ndiyo iliyounganisha uso na maneno.

Na ili namba zisipishane, jioni baada ya vyombo kuondolewa mezani walizisoma kwa sauti. Shemeji alikuwa na bahasha zake, Dada na daftari lake.

"Mia mbili na sitini."

"Mlinzi wa shule."

"Mia mbili sitini na moja."

"Yule mama wa mizani, aliyekutania kichwa chako."

Ilikuwa burudani, wallahi. Mimi nilikuwa nakuja kula kwao makusudi ili nisikie. Na mtoto wao alikuwa chini ya meza, anajibu kabla ya mama yake. Tulimwita Tetesi, kwa sababu hakuna siri iliyolala tumboni mwake hata usiku mmoja. Ukimnong'oneza kwamba sketi ya jirani imechanika nyuma, jirani mwenyewe angepata habari kabla hujafunga mlango.

Tetesi alifariki akiwa na miaka sita. Homa, siku tatu. Siku ya kwanza Dada alimpa dawa ya maji, akasema ni homa ya kawaida, akaenda kazini. Siku ya tatu tulikuwa kwenye benchi la hospitali, na daktari akatoka akiwa amevua kofia yake. Ni miaka kumi na moja sasa, na mimi bado nikiandika neno "kawaida" vidole vinasita.

Dada hakulia. Msibani alikuwa akipitisha chai. Nilisikia wanawake wawili jikoni wanasema ana roho ngumu, nikawaambia wachukue mikoba yao na roho zao laini waende nazo kwao. Lakini hata mimi nilikuwa namwangalia kwa wasiwasi. Siku moja alishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, na hakuiachia mpaka nilipopiga kelele. Aliutazama mkono kama wa mtu mwingine. "Umekufa ganzi," akaniambia. "Ni kama nimeulalia." Hakuwa anasema mkono peke yake, nilimwelewa.

Baada ya wiki moja wakachukua kamera na daftari wakatoka. Nilidhani wamerukwa na akili. Kumbe waliendelea hivyo hivyo miaka saba mingine, mpaka magoti ya Shemeji yalipogoma, na namba za daftari zikafika mia tisa na sita. Ila kule kusoma jioni kulikwisha. Meza ikiondolewa vyombo, kila mmoja anakwenda kwenye kiti chake. Namba zikaachwa zijiendeshe zenyewe. Walikuwa hawagombani, wangegombana ningefurahi, ningepata pa kuingilia. Walikuwa wakisema "chumvi imekwisha," "mvua inakuja," "mlango haujafungwa." Ukiingia katika nyumba ile ulishusha sauti bila kuambiwa.

Sasa, mwaka jana mhariri wa kampuni moja ya vitabu alisikia habari zao, akaja, akafungua yale maboksi, akashika kichwa. Tufanye kitabu, akasema. Nyuso mia mbili, zilizochaguliwa kutoka mwanzo mpaka mwisho, kila uso na maneno yake. Mimi nikapiga chapa madaftari yote, kurasa mia tisa na sita, jioni na siku za mapumziko, bure kabisa, na namba kila moja mahali pake. Shemeji akasafisha picha zilizotakiwa. Mhariri akaoanisha namba kwa namba.

Karatasi za majaribio, za kukaguliwa kabla kitabu hakijachapwa, zilifika Jumatatu. Tulikaa sote watatu. Mwanzo ulikuwa mzuri mno, mlinzi wa shule yuko pale na rungu lake anaeleza jinsi anavyowaogopa watoto kuliko wezi. Kisha tukafika katikati. Pakawa na picha ya fundi baiskeli wa soko kuu, ndevu mpaka kifuani, misuli imemtoka, na chini yake imeandikwa: "Mume wangu wa pili alinichukua nikiwa na mimba ya miezi saba, na hakuniuliza ni ya nani."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nikafungua ukurasa wa nyuma yake. Mkunga mzee, mikono imekunjwa, anasema: "Nimeziba pancha maelfu. Tatizo si msumari, tatizo ni barabara." Hapo kicheko kikaniishia. Nikaenda mbele. Wote walikuwa wamepotea. Kila uso, kuanzia pale mpaka mwisho wa kitabu, ulikuwa unasema maneno ya mtu mwingine.

Ndipo Shemeji akaniuliza lile swali lake.

Tukampigia simu mhariri. Ni binti anayeongea haraka utadhani simu inamchoma. Akasema nusu ya kwanza haina dosari, na mitambo imepangwa Jumatatu ijayo, kwa hiyo nusu ya pili ikirekebishwa kufikia Jumamosi ni sawa, isiporekebishwa anaitoa. "Kitabu kinasimama vizuri tu na nusu ya kwanza, mama zangu, msiwe na wasiwasi."

Nilimwangalia Dada. Nilitegemea atasema haya, basi, na iwe hivyo, kama anavyosema kwa kila kitu. Akakunja zile karatasi kwa uangalifu.

"Miaka ile sikumbuki kitu," akasema. "Hata siku moja. Najua nilikuwa hai kwa sababu madaftari yapo na mwandiko ni wangu. Kama maneno si ya watu hawa, basi sijui nilikuwa naandika nini. Labda nilikaa mbele yao sisikii, nikarudi nyumbani nikawatungia."

"Acha maneno hayo, Dada."

"Wakitoa nusu ile, mdogo wangu, mimi sitakuwa na cha kuonyesha. Miaka saba itakuwa haikuwepo."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imekwisha. Mimi nikaona heri angepiga ukelele.

Sikulala vizuri. Jumanne nikaomba ruhusa kazini, nikapakia karatasi kwenye mfuko, nikaenda soko kuu kwa yule fundi baiskeli. Ndevu zimekuwa nyeupe lakini yupo, amezungukwa na magurudumu. Nikamwonyesha ukurasa wake. Akasoma kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho. Akanitazama.

"Bibie, mimi sijawahi kupata mume hata wa kwanza."

Wateja wake wakaangua kicheko. Nikavumilia. Nikamfungulia ukurasa wa mkunga, nikamwambia asome na huo. Akasoma, na uso ukabadilika.

"Haya ndiyo yangu," akasema. "Haya niliyasema mimi, siku ile ile. Mpaka pale niliposema tatizo ni barabara, alinyanyua kichwa akaniuliza barabara ipi. Alikuwa mpole sana, mama yule. Alikuwa kama anaumwa, lakini alisikiliza."

Jamani, nilitaka kumkumbatia na grisi yake yote. Dada hakutunga. Alikuwa amekaa pale, amesikia, ameuliza barabara ipi. Niliandika maneno ya fundi nyuma ya karatasi ili nimpelekee neno kwa neno.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya macho tu, na macho ninayo. Maneno ya fundi yalikuwa kwa mkunga. Maneno ya fundi cherehani wa ukurasa unaofuata, yule mama wa mume wa pili, yalikuwa kwa fundi baiskeli. Kila mtu alikuwa na maneno ya mtu anayemfuata. Kwa maneno mengine, namba za picha zilikuwa zimetangulia namba za kurasa kwa moja. Nikarudi nyuma mpaka mahali zilipoachana. Mia nne kumi na saba, mpiga rangi wa barabara, iko sawa. Mia nne kumi na tisa, mkunga, si sawa. Na katikati, pembeni ya orodha ya namba iliyokuja na karatasi, mhariri alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: 418, picha haikuletwa.

Haikuletwa! Mia mbili zimeletwa, moja haikuletwa, na anayeulizwa kuhusu kuruka ni mimi.

Alhamisi mchana nikaenda kwao nimejiandaa kwa vita. Dada alikuwa barazani anachagua maharage kwenye ungo. Shemeji alikuwa ndani na maboksi yake, mlango wazi. Kwanza nikamsomea Dada maneno ya fundi baiskeli, yote, na hilo la kuuliza barabara ipi. Mikono yake ikasimama juu ya maharage.

"Nilimuuliza hivyo?"

"Ulimuuliza. Hukutunga hata nukta."

Akaitikia kwa kichwa, lakini nikaona bado hajaamini. Ndipo nikapaza sauti. "Shemeji! Mia nne kumi na nane iko wapi?"

Boksi likasogezwa. Kisha akatokea mlangoni, ameshika ukingo wake.

"Hiyo haina maneno," akasema. "Ndiyo maana sikuipeleka."

"Ukurasa wa mia nne kumi na nane una maneno mpaka chini. Nimeupiga chapa mwenyewe. Ni ya mkunga."

Akanitazama kana kwamba nimeongea lugha nyingine. Kisha akamtazama mkewe.

"Hukuacha nafasi?"

"Nafasi ya nini?" Dada akauliza.

Alirudi ndani. Alikaa huko muda, na nilipotaka kumfuata Dada akanizuia kwa mkono. Akarudi na bahasha ya kahawia, imechakaa pembeni, namba imeandikwa kwa mwandiko wake wa miaka ile. Akaiweka juu ya maharage.

Dada akaitoa picha. Nikasogea nikaiona juu ya bega lake.

Ni yeye. Amekaa kwenye benchi nje ya mashine ya kusaga unga, daftari mapajani, kalamu imefunguliwa, ukurasa mtupu. Kitambaa cha kichwani kimeingia vumbi la unga. Mguu mmoja una ndala nyeusi na mwingine una ya kahawia, na ndala hizo hazilingani hata urefu. Anatazama kamera moja kwa moja.

"Ilikuwa ile siku ya kwanza," Shemeji akasema. "Tulipotoka tena. Mwenye mashine alikuwa amesafiri. Ukakaa pale tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpiga picha. Nikakupiga wewe. Nikakuambia, wewe ndiye mia nne kumi na nane. Ukaitikia kwa kichwa."

"Sikumbuki."

"Uliitikia. Nikajua umesikia, nikajua utauacha ukurasa, uujaze siku utakayoweza. Nikasema sitakuharakisha. Ndiyo maana sikusoma namba tena jioni. Ningefika pale ningelazimika kuitaja, na wewe ungelazimika kujibu. Nikasubiri uniambie umeandika."

"Miaka kumi na moja?" Mimi huyo, siwezi kukaa kimya. "Miaka kumi na moja unasubiri, na mdomo unao? Na wewe Dada, hukuuliza kwa nini hasomi?"

Dada alikuwa anamtazama mumewe.

"Nilidhani hutaki kusikia sauti yangu," akamwambia. "Mimi ndiye niliyesema ni homa ya kawaida."

Shemeji akavuta kigoda, akakaa, magoti yakalia.

"Mimi nilisema kabla yako," akasema. "Nilikuwa navaa viatu. Nikasema, mpe ile ya maji, ni homa ya kawaida. Wewe ulirudia tu maneno yangu."

Hakuna aliyelia. Nilisubiri walie, nikaona hawalii. Dada alikuwa ameshika picha kwa ncha za vidole, na Shemeji alikuwa anatazama sakafu ya baraza, na maharage yalikuwa yamemwagika mengine kwenye mkeka. Nikapiga magoti nikaanza kuyaokota, kwa sababu nisingefanya hivyo ningewapiga wote wawili.

Nikiwa pale chini nikaeleza suluhisho. Lilikuwa jepesi kupita kiasi. Kila ukurasa kuanzia mia nne kumi na nane unasogea mbele kwa namba moja, na kila mtu anarudishiwa maneno yake. Ni kazi ya jioni moja. Hiyo bahasha tunairuka, mhariri hatajua, nusu ya pili inabaki, miaka saba inabaki.

"Haturuki," Dada akasema.

"Dada, Jumamosi ni keshokutwa."

"Mtu mwenye picha ana ukurasa. Ndivyo tulivyofanya kwa wote." Akafuta mikono kwenye kanga. "Washa hiyo kompyuta yako."

Tukaingia ndani, kwenye meza ya chakula. Nikaketi upande wangu na kompyuta. Dada akaketi mbele yangu, na Shemeji, ambaye kwa utaratibu wao hakupaswa kuwepo mtu akitoa maneno yake, akasimama mlangoni akitaka kuondoka. Dada akamvutia kiti. Nikaandika namba juu. Nikasubiri. Nimesubiri mashahidi wengi mahakamani, lakini vile sijawahi kusubiri.

"Mimi ni mama yake Tetesi," akasema.

Jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile tangu msibani. Shemeji aliinamisha kichwa. Nikaandika.

"Nilikaa kwenye benchi la mashine ya kusaga tangu asubuhi mpaka mchana. Nilikuwa na kalamu. Nilikuwa nimevaa ndala zisizofanana na sikujua. Sikuwa nasikia baridi wala joto wala njaa." Alikuwa anasema polepole, kwa sauti ya kumsomea mwanafunzi imla. "Nilingoja mtu aje aniulize neno lolote. Siku hiyo, na siku zote baada ya hiyo, nilijua kwamba hakuna aliyekuja."

Akaivuta picha karibu, akaitazama tena, yale macho yake mwenyewe yaliyokuwa yanamwelekea mtu aliyeshika kamera.

"Andika," akasema. "Mume wangu alikuja. Nilimtazama na sikumwona."

Nikaandika. Akaniambia niweke nukta, nikaweka. Nilikuwa ninalia mimi, kwa hasira na kwa mengine, herufi zinanipotea. Wao wawili walikuwa wakavu, wamekaa upande mmoja wa meza, wananisubiri nimalize.